Upande wa Juu wa Kitabu

Ninyi walimu wapya mna tabia moja inayonichekesha. Mkija kunisalimu hapa Itetemia, hata shikamoo haijatoka vizuri mdomoni, mmekwisha anza kuwasema watoto. Huyu mzito, yule mvivu, wa tatu eti kwao wote ndivyo walivyo. Halafu mnaniuliza, "Mzee, enzi zenu mliwezaje kuwafundisha watoto kusoma?" Mnangoja nijisifu. Wenzangu wa rika langu hujisifu sana, na wengine nilifundisha nao shule moja, nawajua.

Mimi nitawaeleza nilivyokosea. Nilimsimamisha mtoto mbele ya wazazi na kusema hana kichwa cha kusoma, na mtoto yule alikuwa anasoma. Miaka miwili kabla yake nilikuwa nimesema maneno hayo hayo juu ya kaka yake. Nimekuwa mzee na jambo hili, na sipendi kufa nalo peke yangu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha si zamani. Shule yenyewe ilikuwa kijijini, upande wa Urambo, mwendo wa baiskeli wa siku nzima kutoka Tabora mjini ukiwa na miguu ya kijana. Jina la kijiji silitaji kwa sababu wajukuu wa watu hawa wapo. Tulikuwa walimu wawili tu. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Yohana, Mmoraviani, mtu mzima mwenye magoti mabovu na sauti ya chini. Wa pili ni mimi, mtoto wa mjini, baba yangu fundi cherehani, nimelelewa kwa Kiswahili na madrasa. Nilifika na sanduku la bati na viatu vyeusi vya kung'aa. Wiki ya kwanza watoto walikuwa wakichuchumaa mbele yangu, nami nikidhani wana adabu kupita kiasi, kumbe wanajitazama nyuso zao kwenye viatu.

Viatu vile havikumaliza msimu wa mvua, na majivuno yangu yalichelewa kidogo tu kuvifuata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa lugha. Niliandika ubaoni "maji", nikagonga kwa fimbo, darasa zima likanyamaza. Nikaandika "kuku", kimya. Nikamwendea Mwalimu Yohana nikamwambia nimepewa darasa la mabubu. Alicheka mpaka akashika goti lake.

"Mwalimu," akasema, "nyumbani kwao maji ni minzi na kuku ni ngoko. Wewe unamtaka mtoto asome neno ambalo hajawahi kulisikia. Hata akilisoma, atajuaje kwamba amelisoma?"

Tangu siku ile nikawa naanza na mdomo. Tunasema kwa Kinyamwezi, tunasema kwa Kiswahili, tunacheka, tunarudia, ndipo naandika. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba ule mdomo wa kwanza nao ni somo la kusoma. Nilikuwa naona napoteza chaki, ingawa chaki haikuguswa.

Kosa la pili lilikuwa kwaya. Watoto wangu walisoma kwa pamoja, kwa sauti nzuri, kitabu kizima toka jalada hadi jalada. Mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji, akipita njiani alikuwa akisimama kusikiliza na kutikisa kichwa kwa furaha. Nikavimba. Siku moja nikamkuta mchunga mbuzi mmoja, mtoto ambaye hajawahi kukanyaga darasani, amekaa nyuma ya ukuta wetu anasoma kitabu kile kile, ukurasa kwa ukurasa, na mikononi ana fimbo tu. Alikuwa amekikariri kwa kusikia. Nikarudi ndani nikafungua kitabu katikati, nikaziba picha kwa kiganja, nikamwambia mwanafunzi wangu hodari asome mstari mmoja. Akaanza kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo wanangu, mkitaka kujua mtoto anasoma au anaimba, fungueni katikati na zibeni picha. Hiyo ni kazi ya dakika moja, nami nilikaa nayo mwaka mzima bila kuifanya.

Mwalimu Yohana hakuwa akimuuliza mtoto aliyechelewa, "Kwa nini umechelewa?" Alikuwa akiuliza, "Umekula nini?" Mtoto akisema hajala, alimpa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka mfuko aliokuwa ameutundika nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nikinong'ona kwamba mzee anawadekeza. Sikuona kwamba watoto wa mfuko ule ndio waliokuwa wanakaa macho mpaka kengele ya mwisho, ilhali wa darasa langu walikuwa wanasinzia na fimbo yangu ikiwaamsha. Kengele yetu, mkitaka kujua, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na ilisikika hadi ng'ambo ya mto.

Basi tufike kwenye kitabu.

Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache. Kitabu kimoja kilitumiwa na watoto sita. Tulikiweka juu ya mkeka, na wale sita wakakizunguka wamepiga magoti. Wawili walikaa upande wa chini wa kitabu, ambako maandishi yamewaelekea. Wawili walikaa ubavuni, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakisoma kwa kupinda shingo. Wawili walikaa upande wa juu. Hao waliyaona maandishi yamepinduka, na ubao wangu ulikuwa nyuma ya migongo yao.

Nani akae wapi? Hapo ndipo akili yangu ya ujana ilipong'aa. Nikaweka sheria kwamba anayewahi shule anakaa upande wa chini, anayechelewa anakaa upande wa juu. Nilitaka wawahi. Na kweli waliwahi, wale waliokaa karibu. Mkaguzi wa shule alipoisikia sheria ile alinisifu, nami nikaandika nyumbani kwa baba yangu kumweleza nilivyosifiwa.

Nyamizi, binti wa Mzee Kapela, hakuwahi hata siku moja. Kwao kulikuwa mbali, na uwele ukianza kuiva yeye ndiye aliyekuwa akiamia ndege shambani tangu alfajiri. Kiangazi kikikaza, ndiye aliyekwenda kuchota maji kisima cha mbali. Alifika somo la ubao limekwisha, anahema, miguu ina vumbi hadi magotini, anasema shikamoo mwalimu, anakwenda moja kwa moja upande wa juu wa kitabu kabla sijamwonyesha kidole.

Huyu nilikuwa nimemwomba mwenyewe. Baba yake hakutaka kumtoa. Nilikwenda kwake, nikakaa kwenye kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwalimu, Limbu nilikupa. Ukamrudisha, ukasema hana kichwa. Huyu mdogo wake unamtakia nini?"

Limbu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa nimemfuta shule mwisho wa darasa la pili, na mara alipopata kimo cha kupokelewa kazini akaenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Nilimjibu baba yake kwa kujiamini sana.

"Watoto hawalingani, Mzee Kapela. Huyu ana macho mepesi. Nipe, nitamsomesha."

Akanipa. Nataka mlishike hilo, kwamba alinipa mtoto wa pili baada ya mimi kumwambia maneno yale juu ya wa kwanza.

Mwisho wa darasa la pili kulikuwa na kipimo. Nafasi za darasa la tatu zilikuwa chache, na wasiojua kusoma walifutwa ili wengine waingie. Mwaka ule Mwalimu Yohana alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa ajili ya magoti yake, hivyo kazi yote ilikuwa yangu. Mkaguzi alikuja, akakaa kwenye kiti pekee tulichokuwa nacho. Kila mtoto alisimama peke yake, akapewa kitabu mkononi, akasoma ukurasa ambao mkaguzi ameuchagua.

Zamu ya Nyamizi ikafika. Nikampa kitabu. Akakitazama, akakipindua kichwa chini miguu juu, akafungua mdomo.

Darasa likacheka. Mkaguzi naye akacheka, akaniambia, "Mwalimu, huyu hata kushika kitabu hujamfundisha."

Nikakinyakua kitabu, nikakiweka sawa mikononi mwake. Akakitazama kimya. Kisha, polepole, akakipindua tena.

Nilidhani ananifanyia dhihaka mbele ya mgeni wangu. Nikamchapa viganjani, mara tatu. Akakiacha kitabu kikaanguka, akarudi mahali pake bila kulia. Mtoto wa enzi zile hakumjibu mwalimu, na mimi nilikuwa nimejenga darasa ambalo mtoto hawezi kunieleza kitu hata kama kitu hicho ndicho kingemwokoa.

Siku ya kufunga shule wazazi walikusanyika, mwanangwa yupo, nikasoma majina ya wanaopanda darasa. Halafu nikasoma ya wanaofutwa. Nilipofika kwa Nyamizi sikuishia kwenye jina. Niliongeza, "Mzee Kapela, nimejaribu. Naona nyumba yako haina kichwa cha kusoma, basi msijisumbue." Watu wakamtazama. Akainuka, akamshika binti yake mkono, wakaondoka kabla uji haujagawiwa.

Kijijini pale nilikuwa pia msomaji wa barua. Vijana wengi walikuwa mkonge, na barua zao zikifika wazazi waliniletea nyumbani, nami nikizisoma kwa sauti huku nusu ya kijiji ikisikiliza. Msidharau barua zile. Mtoto aliyejua kwamba siku moja bibi yake atamwambia "nisomee" alisoma kwa bidii kuliko mtoto niliyemtisha kwa fimbo. Nilipoligundua hilo baadaye, nikaacha kuzisoma mwenyewe, nikawa nawapa wanafunzi wa darasa la nne kwa zamu. Kusoma kukiwa na mtu anayekungojea usome, kunaingia. Lakini wakati ule nilikuwa bado nazisoma mimi, na nilipenda kusikilizwa.

Kama miezi miwili baada ya shule kufungwa na kufunguliwa tena, nikagundua kwamba nyumba ya Mzee Kapela hawaniletei barua. Nilisikia Limbu ameandika, na barua haikupita kwangu. Nilidhani wamekasirika wanampa mtu mwingine, na kusema kweli wivu ndio ulionipandisha baiskeli siku ile, wala si huruma.

Nilifika mchana. Nilisikia sauti kabla sijaona mtu. Nyamizi alikuwa amekaa chini nyuma ya ghala la uwele, mama yake amekaa mbele yake anamenya karanga, na barua iko magotini kwa mtoto. Alikuwa anaisoma. Alikwenda polepole, anakwama, anarudi, anaendelea.

"Mimi Limbu nasema, karani anaandika. Huku katani sijambo. Ule mguu umepona. Mama usilie. Mwambieni Nyamizi ashike shule. Mimi kwa kuwa sina kichwa, basi asome yeye."

Mama yake akaacha karanga, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa nyuma ya Nyamizi, na niliiona karatasi juu ya bega lake. Ilikuwa imepinduka. Herufi zote zilikuwa zimesimama kwa vichwa vyao, na kidole chake kilikuwa kinakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, neno kwa neno, bila kuruka hata moja.

Nikawasalimu kwa Kinyamwezi. Mama Limbu aliitikia kwa kushtuka. Nyamizi aliinuka, akaiweka barua chini, akaficha mikono yake nyuma ya mgongo. Mikono ile niliiona ikienda nyuma, na bado naiona.

"Mama Limbu," nikasema, "nani aliisoma barua hii kabla yake?"

"Hakuna, mwalimu. Imekuja jana jioni. Mwenzetu karudi nayo."

"Na mtoto huwa anaisoma hivi? Anaishika hivi?"

Mama akanitazama asielewe. "Kwani barua hushikwaje?"

Hakuna mtu nyumbani mle aliyejua kusoma, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba imepinduka. Mimi niliyejua ndiye niliyemchapa.

Nikapiga magoti palepale. "Nyamizi, nisomee tena. Ishike unavyoishika wewe."

Alikataa kwa kichwa. Nikamwambia sina fimbo. Akamtazama mama yake, akaiokota, akaipindua, akasoma mstari mmoja, kwa sauti ya chini sana. Ulikuwa ni ule wa "mwambieni Nyamizi ashike shule". Sikuweza kumsikiliza hadi mwisho.

Njiani mambo yakaanza kujipanga kichwani. Somo la ubao hakuliwahi hata mara moja, kwa hiyo herufi zote alizojua alizipata kwenye kitabu, na kitabu alikiona kutoka upande wa juu, siku zote, miaka miwili. Nilikumbuka kibao chake cha kuandikia, ambacho nilikuwa nikikifuta kwa kiganja na kuwaambia wenzake waje waone kuku walivyoparua. Laiti ningekigeuza. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nasoma kitabu kikiwa kimepinduka kila siku ya Mungu, nikiwa nimesimama mbele ya watoto. Walimu wote tunajua kufanya hivyo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto naye anaweza kuwa nao ujuzi huo, na asiwe na mwingine.

Mwalimu Yohana alikuwa amekwisha rudi kutoka hospitali. Nilimweleza yote. Aliingia katika darasa lililokuwa tupu, akatandika mkeka, akaweka kitabu katikati, na mzee yule ambaye kupiga magoti kulimtoa jasho akajishusha upande wa juu wa kitabu, mgongo kwa ubao. Akakaa pale muda mrefu akikitazama. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka.

"Ulisema wapi kwamba hana kichwa?" akaniuliza.

"Mbele ya wazazi."

"Basi kaseme hukohuko."

Wanangu, hapo nitawaambia ukweli ambao sijauweka vizuri moyoni mpaka leo. Niliahirisha. Wiki ya kwanza nilisema nina homa, ya pili nilisema mvua. Nilikuwa kijana, nimevaa shati la kupigwa pasi, watu wananiita mwalimu hata wazee wa kumzaa baba yangu. Niliona nikisema nimekosea hawataniamini tena. Mwalimu Yohana hakunikumbusha. Alikuwa akinisalimia asubuhi na kunitazama tu, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko maneno.

Wiki ya tatu nilikwenda kwenye baraza la mwanangwa. Walikuwa wanazungumza habari ya ng'ombe walioingia shamba la mtu. Walipomaliza nikaomba kusema.

"Siku ya kufunga shule nilisema nyumba ya Mzee Kapela haina kichwa cha kusoma," nikasema. "Nilikosea. Nyamizi anasoma. Nilimkalisha mahali ambapo kitabu kimepinduka, akajifunza hivyo hivyo, halafu nikampima kwa namna ambayo sikumfundisha. Namwomba arudi."

Mtu mmoja akacheka, "Kumbe mwalimu naye hukosea?" Mwanangwa akamnyamazisha kwa mkono.

Mzee Kapela hakuinuka. Alisema akiwa amekaa, "Na Limbu?"

Swali hilo nilikuwa nimelitarajia. "Limbu alikaa upande uleule," nikasema. "Naye alikuwa akichelewa. Sikumpima sawasawa."

"Limbu ana mwaka wa pili katani." Ndipo akanitazama. "Huyu msichana utamchukua kesho. Lakini ukimwona ameshindwa, mara hii usiwaambie watu. Njoo uniambie mimi, nyumbani kwangu."

Nikasema, "Nimesikia, baba."

Nyamizi alirudi. Siku ya kwanza nilimpa kitabu mkononi, akakishika sawa kama wenzake na kukitazama kwa woga, bila kusoma neno. Hakuthubutu kukipindua. Basi nikakipindua mimi, mbele ya darasa zima, nikamwambia, "Soma." Akasoma ukurasa wote. Hakuna aliyecheka, maana nilikuwa nimewaeleza asubuhi, na niliwaeleza mjinga wa hadithi ni nani.

Kumgeuza hakukuchukua muda mrefu. Nilimkalisha ubavuni mwa kitabu kwa muda, kisha upande wa chini, na somo la ubao nikalihamishia mchana ili wa mbali walipate. Sheria yangu niliyosifiwa nayo nikaifuta. Kila siku mkeka ulizunguka, aliyekaa chini jana leo anakaa ubavuni, kesho juu. Baada ya muda watoto wangu wote waliweza kusoma kitabu kutoka upande wowote, na mkaguzi alipokuja tena aliona kama mchezo wa sarakasi. Nanyi msinicheke. Leo mna vitabu vingi, lakini kila darasa lina upande wake wa juu. Kuna mtoto anayeketi pasipofika sauti yako, kuna asiyeona ubao akaona haya kusema, kuna aliyekuja na njaa. Kabla hujamwandika chochote, ondoka mbele, nenda ukakae alipokaa. Kaa kweli, mpaka magoti yaume.

Nyamizi alimaliza darasa la nne, akachukuliwa shule ya wasichana ya misheni, na baadaye akawa mkunga. Akina mama wengi wa upande ule walizalia mikononi mwake. Watu wakinipongeza kwa ajili yake huwa nabadilisha mazungumzo.

Limbu nilimwandikia barua mbili. Sijui kama zilimfikia, wala kama alizipeleka kwa karani asomewe. Alirudi baada ya mkataba wa pili, ana koti, ana baiskeli mpya, kijana mrefu mwenye makovu ya mkonge mikononi. Niliposikia amerudi sikungoja wiki tatu. Nilikwenda siku ileile, na kitabu kwenye mfuko.

Aliniona kutoka mbali, akaja kunipokea baiskeli.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Limbu."

Akaniwekea kigoda, yeye akakaa mkekani. Nilimweleza kila kitu, nilivyowakalisha, nilivyowapima, nilivyokosea juu yake. Nilimwomba msamaha, mimi nikiwa mwalimu na yeye akiwa kijana, jambo ambalo halikuwa kawaida enzi zile. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anazungusha kofia yake vidoleni.

Nikatoa kitabu, nikakiweka mkekani mbele yake. Nilikiweka kimepinduka, kama alivyokuwa akikiona. Nikafungua katikati, nikaziba picha.

Macho yake yalikwenda kwenye mstari wa kwanza. Niliona midomo yake ikijikusanya, ikalitengeneza neno la kwanza lote bila sauti. Lilikuwa neno lenyewe lililoandikwa pale. Halafu akafunga mdomo, akakisukuma kitabu kuja kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha chombo cha watu.

"Umejisumbua bure, mwalimu," akasema. "Mimi sina kichwa cha kusoma. Ulisema wewe mwenyewe, na wewe ndiye uliyesoma."

Nikamwambia nilikosea. Nilimwambia mara ya pili na ya tatu. Akatabasamu kwa kunionea huruma, akaniuliza habari za Tabora, akamwita mama yake alete uji.

Nilirudi nikiikokota baiskeli njia nzima, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuona pa kuiendesha.